Miezi 18 na mizani ya jikoni na programu ya simu baada ya upasuaji wa tumbo

Nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo Mombasa, miezi 18 iliyopita. Ni ule ambao hutolewa kiasi cha asilimia 75 hadi 80 ya tumbo, kikabaki kipande chembamba mfano wa ndizi. Kabla sijaruhusiwa kurudi Lamu, mtaalamu wa lishe alinipa karatasi ya masharti: protini isipungue gramu 60 kwa siku, maji lita moja na nusu kwa mafunda madogo madogo, nisinywe wakati wa kula wala nusu saa baada yake, na vidonge vya vitamini na madini maisha yangu yote. Akanishauri ninunue mizani ya jikoni na nipakue programu ya kuandika ninachokula.

Naanza na mizani, maana ndiyo iliyonifaa zaidi. Ni ile bapa ya betri, inayopima gramu moja moja hadi kilo 5. Siku niliyoruhusiwa samaki, mama alinipikia tewa wa kupaka. Nilimega kipande, nikaondoa miiba, nikakiweka kwenye kisosi juu ya mizani: gramu 45. Kwa macho ni kipande cha kumlisha mtoto, na protini yake ni kama gramu 10 tu. Kilinichukua dakika 25 kukimaliza, kwa kutafuna mpaka kilainike kabisa. Bila mizani ningeongeza kingine, na nafasi haikuwapo.

Jambo moja kwa walio karibu na bahari: hewa ya chumvi huila. Mwezi wa pili pale penye betri pakaota kutu, ikawa inazima ovyo. Nilipasugua kwa siki, nikapakausha, na sasa naiweka ndani ya chombo cha plastiki chenye kifuniko.

Programu ina uzuri wake na ina maudhi yake. Uzuri ni kwamba unaweza kuweka protini iwe ndiyo lengo lako la kwanza, na kila ukiandika chakula unaona umebakisha gramu ngapi. Maudhi ni vyakula vyetu. Ukitafuta mahamri unaletewa majibu kadhaa yasiyolingana, kila moja limetiwa na mtu asiyejulikana. Mkate wa mofa sikuuona kabisa. Intaneti ikikatika, kutafuta hakuwezekani. Unabaki na vile ulivyokwisha kuhifadhi.

Kilichoniokoa ni ile sehemu ya kuingiza mapishi yako mwenyewe. Nilikaa jikoni na mama asubuhi nzima kwa ajili ya mbaazi za nazi. Tulipima sufuria tupu, tukapima mbaazi kavu nusu kilo, tukapima tui zito na jepesi, na zilipoiva tukapima sufuria nzima tukatoa uzito wa chuma. Zilitoka karibu kilo mbili. Hapo nikaona jambo ambalo sikulitarajia: vijiko vinne vya mbaazi, gramu 80, vilikuwa na protini isiyofika ya yai moja, na nguvu nyingi ilitoka kwenye mafuta ya nazi. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nafungua kinywa kwa mbaazi nikiamini nimemaliza kazi ya asubuhi. Tangu siku ile yai hutangulia, mbaazi hufuata kama pana nafasi.

Sinia ndilo lililonitatiza kuliko yote. Programu inataka gramu, na sisi tunakula wanne au watano kwa mkono mahali pamoja. Harusini Mkomani nilijaribu kukisia matonge, huku nazungumza, huku nakula haraka kama wenzangu. Nilitapika usiku ule. Mara iliyofuata nikajipakulia kwanza kwenye kisosi, nikapima, ndipo nikaja kukaa penye sinia. Shangazi aliumia, akadhani najitenga. "Mbona huyala, mwanangu?" Nilimvuta kando nikamweleza taratibu nilivyokatwa na kilichobaki. Sasa yeye mwenyewe hunichagulia mnofu wa samaki, akauweka kwenye kisosi na kuniuliza umefika ngapi.

Vidonge havihesabiwi bila kulipia, kwa hiyo niliviandika kama maelezo pembeni ya mlo, pamoja na saa. Nafurahi nilifanya hivyo. Kipimo cha mwezi wa sita kilionyesha damu imepungua. Daktari aliomba kuona simu yangu, akasoma wiki mbili nyuma, na jibu likawa pale pale: kidonge cha madini ya chuma nilikuwa nakimeza asubuhi na chai ya maziwa, na cha kalsiamu muda huo huo. Chai huzuia chuma kufyonzwa, na kalsiamu nayo yapaswa kuachana na chuma kwa saa mbili au zaidi. Nimetega kengele mbili kwenye simu. Kipimo kilichofuata kilikuwa kizuri.

Ramadhani ya kwanza daktari alinikataza kufunga. Ya pili akaniruhusu kwa masharti. Hapo programu haikunifaa, kwa kuwa siku yake huisha saa sita usiku. Futari inaangukia siku moja na daku siku nyingine, ilhali kwangu ule ni usiku mmoja. Mwezi mzima nilitumia daftari.

Mizani nunueni, hata iliyo rahisi. Programu ya bure inatosha. Sijalipia na sijaona haja. Siku hizi naandika siku tatu kwa wiki, na kila penye shughuli. Mapishi tisa ya kwetu niliyoyapima kwa sufuria ninayo, pamoja na samaki wa kupaka na uji wa tende. Aliyefanyiwa kama mimi akiyataka, aniambie nimtumie.