Siku 7 melini na watoto wawili na mama yangu: mambo tuliyoyakuta

Tulipanda watu watano: mimi na mume wangu, kijana wetu wa miaka 9, binti wa miaka 4, na mama yangu mzazi ambaye ana miaka 72. Meli ya kitalii tuliyoichagua si ya kifahari, wala haijitangazi hivyo. Ni meli ya familia. Watu wanakwenda kula chakula cha jioni wamevaa jinzi na fulana, watoto wanakimbia sitahani na nywele mbichi, na hakuna usiku ambao ni lazima uvae suti. Anayetafuta utulivu na muziki wa taratibu ataudhika kabla ya siku ya pili kuisha. Ila kama unataka kusafirisha vizazi vitatu pamoja bila watu kuchokana, mimi sijaona kinachoifikia.

Nasema hivyo kwa sababu moja. Tukisafiri kwa gari au tukikaa hotelini, mmoja akitaka kulala wote tunanyamaza, mmoja akitaka kuogelea wote tunabeba mataulo. Melini tulitawanyika. Kijana alikuwa kwenye mtelezo wa maji, binti kwenye chumba cha michezo, mama kivulini na kitambaa chake anachofuma, sisi wawili na kahawa zetu, na bado hakuna aliyekuwa mbali na mwenzake zaidi ya mwendo wa dakika chache. Jioni tulikutana meza ileile, kila mmoja na habari yake. Mama alikuwa akirudia ile methali ya mabaharia: nenda tezi na omo, marejeo ngamani, yaani hata uende nyuma au mbele ya chombo, mwisho utarudi ndani, tumboni mwake. Sikuwahi kuielewa vizuri kama nilivyoielewa wiki ile.

Siku ya kwanza ndiyo yenye kazi. Masanduku makubwa unayakabidhi gatini na yanaweza kukufikia mlangoni jioni kabisa. Kwa hiyo beba begi dogo mkononi: paspoti, dawa, nguo za kuogelea na nguo za kubadilishia mtoto. Tulikuwa tumeshauriwa hivyo, na tulipofika juu watoto waliingia majini wakati wenzao walikuwa wamesimama ukingoni na nguo za safari, wakilia.

Hapo kwenye bwawa pana jambo linalowaumiza wazazi wengi. Kwenye meli nyingi mtoto anayevaa nepi haruhusiwi kuingia bwawani, hata kama ni ile nepi ya kuogelea. Ni suala la afya, na wahudumu hawalegezi. Niliona baba mmoja akibishana kwa muda mrefu huku mwanawe akinyoosha mikono kuelekea majini. Kama mtoto wako bado yuko hapo, uliza kabla ya kulipa kama meli ina sehemu ya michirizi ya maji kwa ajili ya wadogo. Vilevile usidhani kwamba kila bwawa lina mwokoaji. Mzazi akae karibu.

Kabla ya kung'oa nanga kuna zoezi la dharura. Tafadhali lichukulieni kwa uzito. Meli ya Costa Concordia ilipogonga mwamba na kulala ubavu karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, Januari 2012, watu 32 walifariki, na abiria waliokuwa wamepanda siku ileile walikuwa bado hawajafanya zoezi lolote. Kanuni za kimataifa zikabadilishwa, na tangu 2015 zoezi hufanyika kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Honi hulia mara 7 kwa mkato, kisha mara moja kwa kirefu. Binti yangu aliziba masikio akajificha kwenye sketi yangu, lakini mhudumu aliinama, akamvalisha bangili yenye alama ya kituo chetu cha kukusanyikia, akamwuliza, "Utawaonyesha wazazi wako njia?" Tangu hapo kila tulipopita ngazi ile alikuwa akituonyesha njia. Hakikisha pia chumbani kuna majaketi okozi ya kipimo cha mtoto. Yakikosekana, sema siku hiyohiyo.

Chumba ni kidogo. Vitanda vya watoto hushuka kutoka ukutani au darini usiku na kurudishwa asubuhi. Kuta nyingi ni za chuma, hivyo vijisumaku vyenye kulabu vinasaidia mno kutundikia kofia na nguo mbichi. Pasi ya nguo usibebe, wataichukua. Choo kinavuta kwa hewa, kwa mlio mkubwa. Binti yetu alikiogopa siku mbili, ikabidi tuwe tunafunika kwanza ndipo tubonyeze.

Jambo la chumba lililotufaa kuliko yote ni mahali kilipo. Tulichukua cha katikati ya meli, sitaha ya chini, kwa ajili ya mama. Meli huyumba kama ubao wa pembea: ncha ndizo zinazopanda na kushuka, katikati hutulia. Bahari ilichafuka usiku wa pili, na familia tuliyozoeana nayo, iliyolala juu kule omoni, haikupata usingizi. Meli hizi zina mapezi chini ya maji yanayopunguza kuyumba kwa ubavu kwa ubavu, lakini kuinuka na kuinama kwa mbele na nyuma hayazuii sana. Mama alipoanza kuona kizunguzungu asubuhi, tulimpandisha sitahani, kwenye hewa, akakaza macho pale mbingu na maji vinapokutana huku akitafuna kipande cha tangawizi. Alikaa kimya kama nusu saa, kisha akaomba mkate. Kumlaza chumbani kusiko na dirisha kungemzidishia. Kama unatumia vidonge, vimezwe kabla ya hali kuchafuka, na kwa mzee anayetumia dawa nyingine muulize daktari wake kabla ya safari.

Kuhusu chakula sina mengi: ni kingi, kipo karibu muda wote, na watoto wateuzi watapata kitu. Ninachosisitiza ni mikono. Ugonjwa wa kuhara na kutapika unaoletwa na kirusi kiitwacho norovirus huenea upesi kwenye meli, na ile dawa ya kupaka inayowekwa mlangoni haiuwezi vizuri. Sabuni na maji ndiyo kinga. Tulinawa kila mara kabla ya kugusa sahani, na wote watano tulimaliza wiki salama.

Chumba cha michezo cha watoto ndicho kilichonifanya niandike haya. Kwa kawaida wanapokea kuanzia miaka 3, mtoto awe ameacha nepi, na wanawagawa kwa umri. Siku ya kwanza binti alining'ang'ania. Sikumlazimisha. Niliketi naye sakafuni, tukapaka rangi samaki wa karatasi, na mlezi akaja kukaa upande wa pili bila kusema kitu, naye akaanza kupaka wake. Baada ya muda binti akamsogezea rangi ya buluu. Kesho yake alinipungia mkono mlangoni bila kugeuka. Kijana naye alipewa ruhusa ya kuingia na kutoka mwenyewe, na kwa mtoto wa miaka 9 uhuru ule, mahali palipo salama, ni zawadi kubwa.

Pesa sasa. Nauli haimalizi kila kitu. Soda, vileo, picha, baadhi ya migahawa, intaneti na matembezi ya bandarini hulipiwa mbali, na kwenye meli nyingi bahashishi ya wahudumu huongezwa kwenye hesabu yako kila siku. Kadi moja ndiyo ufunguo, ndiyo kitambulisho, na ndiyo pochi. Omba ya watoto ifungiwe manunuzi. Na simu izimwe mtandao mara mnapoondoka. Simu ya mume wangu ilijiunga yenyewe na mtandao wa meli unaopitia setilaiti, na bili iliyomfikia ilituumiza.

Bandarini shukeni, lakini mfuate saa ya meli. Saa ya nchi kavu inaweza kutofautiana nayo, na mliotoka kivyenu mkichelewa meli haiwangoji. Siku moja mama hakutaka kushuka, nikabaki naye. Nilidhani ninajinyima. Mabwawa yalikuwa matupu, hakuna foleni ya lifti, na tulizungumza kutwa nzima, mambo ya utoto wake ambayo sikuwahi kuyasikia. Nikirudi tena, nitapanga siku kama hiyo makusudi.

Usiku wa mwisho masanduku huwekwa nje ya mlango yakiwa na lebo, na huyaoni tena hadi gatini. Acheni nguo na viatu vya asubuhi. Sisi tulisahau viatu vya binti. Alfajiri nilimbeba hadi sitaha ya juu, miguu yake mitupu ndani ya sweta langu, mama akiwa ametutangulia pale kwenye ukingo. Mashua ndogo ilikuwa imejibana ubavuni mwa meli yetu, na rubani wa bandari, yule anayeiongoza meli kuingia gatini, alikuwa akipanda ngazi ya kamba. "Bibi," binti akauliza, "huyu naye anakuja kukaa wiki nzima?"