TAHADHARI: Balbu za LED za taa za vyombo vya baharini kutoka Kariakoo. Aliyezifunga azitoe leo

Assalaam alaykum manahodha na wenye vyombo. Naandika kwa hasira, na haya ninayo pia, maana mimi ndiye niliyekuwa nikiwakataza vijana wa Mkokotoni kununua vitu vya umeme bila kuvipima. Leo nimeuziwa mimi. Shilingi 270,000 zimekwenda, na Jumanne usiku zilitaka kwenda na roho nne.

Tabu ya betri yangu tangu Ramadhani mnaijua: taa zinaimaliza kabla ya alfajiri. Jumamosi ile nilikuwa Dar kwa shughuli ya mtoto wa dada, nikapita Kariakoo na balbu yangu ya zamani ya taa za chombo mfukoni. Nimeingia maduka matatu wananiambia hawana. La nne, kijana akaipokea, akaigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye vile vipini viwili vya ubavuni. Akasema, "Mzee wangu, hii vipini vyake havilingani, kimoja kimekaa juu ya mwenzake. Ukichukua ya indiketa haitaingia." Wallahi hapo ndipo aliponishika. Mtu asiyejua vyombo atayajuaje hayo?

Akaniuliza urefu wa chombo. Nikamwambia mita 11. Akasema chini ya mita 12, kwa kanuni za bahari za mwaka 1972, taa nyekundu ya kushoto na kijani ya kulia zionekane maili moja na nyeupe ya shetri, ya nyuma, maili mbili, na kwamba zake zinafika maili mbili zote. Ni kweli kanuni ndivyo zinavyosema. Kisha akavuta kikokotoo: balbu yako ni wati 25, inakula ampea mbili na kitu, taa tatu zinakula sita, usiku wenye urefu wa saa kumi ni zaidi ya ampea-saa 60, betri yako ya 100 itaamkaje? Hizi zangu ni wati 3 tu. Hesabu ilikuwa sahihi, na mimi hesabu hiyo nilikuwa nikiilala nayo kila usiku. Akatoa betri ya pikipiki chini ya meza, akaiwasha moja, akanitia mkononi: "Shika, haina moto." Ilikuwa baridi kweli, na mwanga wake ulinifanya nifumbe macho.

Alianza na 60,000, tukashukiana mpaka 45,000. Nikachukua nne, na sita ndogo za ndani kwa 15,000 kila moja. Nikaomba risiti. "Mashine ya EFD imegoma tangu asubuhi, mzee wangu, niachie namba nitakutumia." Adhana ya alasiri inaadhiniwa, nyuma yangu kuna watu wanasubiri, nikatoka. Ni kosa langu na nalikubali.

Sasa Jumanne. Tunarudi kutoka Dar na marobota ya shemeji, kusi zuri, tanga limejaa, mashine imezimwa. Upande wa bara ikatokea meli ndogo ya mizigo, inakuja ubavuni kwetu kushoto. Sikuwa na wasiwasi, nikijua anaiona nyekundu yangu na atanipisha kwa kuwa niko kwenye tanga. Hapishi. Redio inatoa shhhh tu tangu magharibi, nami nikidhani ni antena. Ilipokuwa karibu nikawasha mashine tukimbie. Ilipoanza kuchaji tu, taa ya kijani ikapepesa mara mbili ikazimika, kisha ya nyekundu. Giza. Mdogo wangu akalimulika tanga kwa tochi huku akipiga kelele, ndipo wakageuza. Wamepita karibu mpaka tukasikia harufu ya vitunguu vinavyokaangwa jikoni mwao. Hamisi tuliyekuwa naye hajasema neno mpaka tulipoupita mnara wa taa wa kisiwa cha Chumbe.

Asubuhi nikamkuta nahodha wao bandarini Malindi, hapa Unguja, naye ana hasira kuliko mimi. "Nimeona kitaa cheupecheupe, nikajua ni shetri yako, nikajua unakwenda mbele yangu. Nimekuita kwenye chaneli 16 ya redio mara tatu, hujibu!" Nyekundu yangu ilikuwa imepauka hata haitambulikani. Yule kijana alinipa balbu nyeupe kwa taa zote, akaniambia rangi ni ya kioo. Uongo! Fundi wa Malindi kanieleza: LED nyeupe ina wekundu mdogo, ukiiweka nyuma ya kioo chekundu inafifia, na nyuma ya kijani inaelekea buluu. Nyekundu huwekewa LED nyekundu, kijani ya kijani. Tukaipasua moja kwa kisu. Ndani hamna kitu cha kuusawazisha umeme, kuna kirizista kimoja, kijidude cha kupunguza umeme, kama punje ya mchele. Betri ikichajiwa inapanda volti 14 na zaidi, ndiyo maana zikaungua. Na zile shhhh za redio zilitoka kwenye zile balbu ndogo za ndani. Walinzi wa pwani wa Marekani walishatoa tahadhari ya LED kuziba redio tangu mwaka 2018, mwanangu kanionyesha. Tulipozichomoa sita za ndani, redio ikanyamaza papo hapo.

Nimempigia yule kijana wa dukani, hapokei. Nimempigia kwa simu ya mke wangu, akaisikia sauti yangu akakata. Nikamtuma mpwa wangu dukani, akaambiwa, "Sisi hatujawahi kuuza vitu vya boti," na boksi liko rafuni nyuma yake! Huyu si mfanyabiashara. Anajua kanuni, anajua maili, kwa hiyo anajua anachokiuza kinakwenda baharini usiku na watu ndani. Afungiwe duka, afikishwe mahakamani, na alipe kila aliyemuuzia. Watu wameshitakiwa kwa madogo kuliko haya.

Mnaotaka kuzijua: hazina jina la kiwanda, zimeandikwa 12V tu wakati nzuri huandikwa 10 mpaka 30, zote nyeupe, boksi la kaki, na risiti hutapewa.

Jumatatu nazipeleka zilizoungua Tume ya Ushindani, wanaolinda wanunuzi, Dar. Aliyenunua dukani hapo anitumie ujumbe, tuwe wengi. Mwenye nazo chomboni azichomoe kabla ya kutoka usiku wa leo, arudishe za zamani hata kama betri haitafika alfajiri.