Tembo kwenye lebo: bia tano za kumpelekea mkusanyaji wa chupa

Ukimnunulia zawadi mtu anayepanga chupa za bia kwenye rafu ya sebuleni, ladha si hoja kubwa, kwa kuwa kinachobaki baada ya karamu ni chupa, lebo na hadithi yake. Hapa nimechukua bia zenye tembo kwenye jina au lebo, nikazipanga kwa uzito wa hadithi.

Ya kwanza ni Tusker ya Kenya. Ndugu wawili, George na Charles Hurst, walianzisha kiwanda cha bia jijini Nairobi mwaka 1922, na mwaka uliofuata George akauawa na tembo akiwa mawindoni. Bia ikapewa jina la tembo dume mwenye pembe kubwa, kwa kumbukumbu ya marehemu. Kichwa cheusi kilichomo kwenye ile lebo ya manjano, ambacho watu hukitazama kila jioni bila kukiwazia, kwa hiyo ni sura ya muuaji. Ni rahisi kuipata na kilevi chake ni asilimia 4.2 tu.

Ya pili ni Delirium Tremens, kutoka kiwanda cha Huyghe kilichoko Melle, Ubelgiji. Jina hilo ni la ugonjwa: kutetemeka na kuona vitu visivyokuwapo, hali inayompata mlevi wa muda mrefu anapoacha pombe ghafla, na yule tembo wa rangi ya waridi ndiye kiumbe ambaye mlevi hudhani amemwona. Sijui bia nyingine inayomtania mnywaji wake waziwazi hivyo. Chupa imepakwa rangi ya kijivu yenye madoadoa, mfano wa chombo cha udongo, kiasi kwamba huoni kilichomo ndani. Na kwa kuwa bia hii huendelea kuchacha ndani ya chupa, isimamishe wima na uimimine taratibu ili masimbi yabaki chini. Kilevi ni asilimia 8.5, basi mwonye unayemzawadia.

Ya tatu ni Tembo, bia nyeusi ya Lubumbashi, inayotengenezwa na Brasimba, kiwanda kilekile cha bia ya Simba. Msomaji wa Kiswahili ataifurahia kuliko mtu mwingine yeyote, maana tembo huyu ni mnyama na tembo hili ni pombe ya mnazi. Upatanisho wa kisarufi ndio unaowatenganisha. Kama watengenezaji walikusudia mzaha huo au la, lebo imechora mnyama pekee. Ningeipandisha daraja, ila nje ya Kongo ni shida kuipata.

Ya nne, Elephant ya Carlsberg, ilitoka mwaka 1959 na ina asilimia 7.2. Jina limetokana na lango la kiwanda hicho mjini Copenhagen, lililojengwa mwaka 1901, ambalo limebebwa na tembo wanne wa mawe. Hadithi ni ya jengo, nayo inapendeza kwa aliyewahi kupita hapo.

Ya mwisho ni Ndovu ya Tanzania. Jina ni zuri, na ni la Kiswahili fasaha, lakini mnyama yule yupo kwa ajili ya fahari tu. Inunue uinywe, kwenye rafu ya mkusanyaji itasimama karibu na Tusker, na wageni watauliza habari za Tusker.