Ukitoka Hurudi

Nilingoja siku kadhaa hasira zipoe ndipo niandike. Hazijapoa, kwa hivyo naandika nazo.

Bei za tiketi za tamasha lile la muziki na sinema, na majina ya bendi, siyataji. Mabango yalijaa mji mzima na kila mtu aliyaona. Mimi nina neno na kijana mmoja wa langoni, mwenye reflekta ya manjano na redio ya mawasiliano kiunoni, na maneno mawili aliyomwambia baba yangu.

Ilikuwa wikendi moja mwishoni mwa Agosti, kama si Septemba ilikuwa imeshaingia, baridi ya Nairobi ikianza kulegea. Uwanja uko upande wa Lang'ata. Siku tatu mfululizo, mchana muziki wa jukwaani, usiku sinema ya uwanjani. Niliposikia habari hizo nilimfikiria Baba kwanza. Ana miaka 71, na tangu Mama atutoke hatoki nyumbani ila kwenda kanisani na kliniki. Na sinema ya nje ndiyo aliyokulia. Katika ujana wake alikaa South B, wakati ile sinema ya magari ya Bellevue, ya kutazama ukiwa ndani ya gari lako, ingali hai pale Mombasa Road. Sinema ilikufa zamani, jina likabaki kwenye stendi ya matatu. Nikalipa tiketi mbili za siku zote tatu kwa M-Pesa, na ujumbe ulipoingia nikamwonyesha. Akauliza, "Mama, mpaka Jumapili?" Ananiita Mama kwa sababu nimepewa jina la mamake.

Ijumaa ilipita salama, sina la kulalamikia ila foleni ya choo.

Jumamosi alasiri ikapanda bendi ya benga, ule muziki wa gitaa wa Wajaluo, na hapa lazima niwe mkweli hata kama nimekasirika. Sijawahi kusikia sauti imepangwa vizuri namna ile mahali pa wazi. Gitaa la solo lilisikika uzi kwa uzi. Baba, ambaye si Mjaluo lakini amekaa na Wajaluo maisha yake yote, alinieleza sikioni kwamba ule udonoaji umetoka kwenye nyatiti, chombo cha nyuzi nane, na kwamba mpiga benga mzuri utamjua akifika kule mwisho wa wimbo, maneno yakiisha na gitaa likabaki linakimbia peke yake. Vidole vyake vilikuwa vinapiga gitaa juu ya goti. Nilikuwa sijaviona vikifanya hivyo kwa miaka mitatu. Kama ningeandika saa ile, ningewaambia mkope mwende.

Sasa, jua letu huzama karibu saa kumi na mbili na nusu, mwaka mzima. Kabla ya giza kuingia sawasawa projekta haionyeshi kitu, kwa hivyo sinema haingeanza kabla ya saa moja. Na mji huu uko juu, mita zaidi ya 1,600, jua likishazama baridi inakuingia mifupani. Baba akasema anakwenda kuchukua koti garini. Nikampa funguo. Simu yake ilikuwa kwenye mkoba wangu, inachaji. Gari lilikuwa nje ya lango, hata dakika tano hazifiki.

Sinema ikaanza, hajarudi. Robo saa. Nusu saa. Nikajiambia amekutana na mtu wanayefahamiana, ndivyo wazee walivyo. Lakini Baba ana presha, na ilipokaribia dakika arobaini sikuwa naona tena kilichokuwa kwenye skrini. Nikainuka, nikawakanyaga watu kwenye mashuka yao nikiomba radhi, nikakimbilia langoni.

Nikamuuliza yule kijana kama ameona mzee mwenye kofia ya kijivu. Hakuinua macho kwenye simu. "Kuna mzee alitaka kuingia. Nikamwambia ukitoka hurudi."

Nikamwambia mzee ana bangili, ile ya karatasi waliyomfunga wenyewe mkononi, ya siku tatu. Akasema bangili si hoja, sheria ni sheria. Yuko wapi? Akaelekeza kwa kidevu gizani. "Na wewe pia ukitoka hurudi."

Nilitoka.

Sikumkuta garini. Nilizunguka ua nikiita "Baba" kama mtoto aliyepotea sokoni, mpaka nikafika nyuma ya skrini. Skrini yenyewe ilikuwa kitambaa cheupe kilichokazwa kwenye mabomba ya chuma, na mwanga wa projekta ulipenya hadi upande wa pili. Pale, nje ya waya, waendesha boda boda sita au saba walikuwa wamekalia pikipiki zao, na mama mmoja anachoma mahindi. Katikati yao Baba yuko juu ya kreti ya soda, amevaa koti, ana hindi mkononi lililopakwa ndimu na pilipili. Wanatazama sinema kinyumenyume. Herufi zote zilisomeka kutoka kulia, na kila mtu kwenye filamu alikuwa wa mkono wa kushoto. Sauti ilifika kwa mbali, ikipeperushwa, basi mwendesha boda mmoja akawa anajaza maneno mwenyewe, kama wale madijei wa vibanda vya video wanaotafsiri filamu. Baba alikuwa anacheka mpaka anafuta machozi.

"Mama, kaa," akaniambia. "Hivi ndivyo tulivyokuwa tunatazama." Pale Bellevue spika ilikuwa inaning'inizwa kwenye dirisha la kila gari, kwa hivyo asiye na gari hasikii kitu. Baba na wenzake walisimama nje ya ua na kutunga hadithi yao. Mama wa mahindi akanivutia ndoo nikae, akakataa pesa ya hindi la pili, akasema mzee ni mgeni wake.

Sikukaa. Nilirudi langoni kudai niongee na mkubwa wao. Akaletwa dada mmoja mwenye faili, akaniambia masharti yameandikwa nyuma ya tiketi. Tiketi ilikuja kwa ujumbe wa simu. Haina nyuma. Nikamfungulia ujumbe wenyewe, nikausoma kwa sauti neno kwa neno: jina, siku tatu, nambari ya malipo, basi. Akasema, "Basi ungeuliza," akaondoka.

Naelewa sababu ya kuzuia watu kutoka na kurudi. Bangili zinavuliwa na kupewa wengine, pombe inaingizwa kwa mlango wa nyuma. Lakini mzee wa miaka 71, anayetetemeka, bangili haijaguswa, funguo za gari mkononi? Huyo utamsindikiza mwenyewe mpaka kwenye koti lake na kumrudisha. Hata mlevi wa kituo cha basi angefanya hivyo.

Niliporudi nyuma ya skrini filamu ilikuwa inaisha, na nilipomwona Baba anawaaga wale vijana mmoja mmoja kwa mkono, hasira zilianza kunishuka. Nikawaza, labda nasema sana. Mzee amefurahi, muziki ulikuwa wa kiwango, Jumapili kuna bendi ya rumba, tiketi tumeshalipia. Nilikuwa tayari kurudi. Nilikuwa hata tayari kuwasifu.

Tukaondoka. Kwenye Lang'ata Road alikuwa bado anasimulia filamu kama yule kijana wa boda alivyoitunga. Tulipofika mzunguko wa Nyayo akanyamaza. Taa zilikuwa zimetusimamisha. Akauvuta mkono wa koti nyuma, akaiangalia ile bangili.

"Nilimwonyesha mkono mara mbili," akasema. "Akadhani nimeuokota."

Hakusema kitu kingine mpaka South B.

Jumapili hatukwenda. Pesa zangu sizidai. Ninachodai ni mtu mmoja kutoka kwao ampigie Baba simu, amwite mzee, amwombe radhi. Nambari yake niliwaachia pale mezani usiku uleule, nikaiandika kwa kalamu yao. Mpaka leo simu haijalia, na bangili hajaikata.