Baiskeli ya mazoezi kwa timu za mbio ndefu za milimani: ipi ununue ukiwa Arusha au Moshi

Ukitaka kuingia kwenye mbio ndefu za timu, usianze na bei ya baiskeli. Anza kwa kuuliza wenzako wanaendesha nini. Ukipasukiwa tairi kule Oldonyosambu, tyubu ya akiba huenda ikatoka kwenye mkoba wa mwenzako. Cheni ikikatika katikati ya kahawa za Burka, kiungo cha kuungia kitatoka kwake pia, ila tu kama cheni zenu zinalingana. Timu ya watu wanne wenye baiskeli za mifumo minne inabeba vipuri mara nne, na bado iko siku mtu atarudi mjini kwa bodaboda huku amepakata gurudumu.

Mwongozo huu ni wa baiskeli ya mazoezi, ile itakayokula kilomita zako wiki hadi wiki. Nimezipanga kuanzia ninayoiamini zaidi hadi ile ambayo nisingependa mtu aguse.

Mbio zenyewe zinataka nini

Mbio za timu ziko za namna mbili kubwa. Kuna za kupokezana kwa saa 24, mtindo ulioshika kasi Marekani baada ya Laird Knight kuandaa mbio za Canaan, West Virginia, mwaka 1992. Mmoja yuko njiani, wengine wako kambini wanakula, wanajinyoosha, wanasubiri zamu. Kwa timu ya wanne kila mtu anaishia na kama saa 6 juu ya kiti, ila zimekatwakatwa, na mwili unapoa kati ya mzunguko na mzunguko. Kisha kuna mbio za wawili wawili za siku kadhaa. Inayojulikana zaidi ni Cape Epic ya Afrika Kusini, iliyoanza mwaka 2004: siku 8, kilomita kati ya 600 na 700, na kanuni kwamba wenza wasiachane kwa zaidi ya dakika 2. Hapo nguvu zako hazikusaidii kitu kama mwenzako amesimama anahangaika na breki.

Kinachotakiwa mazoezini, basi, ni saa nyingi, vilima virefu, na baiskeli isiyokulaza njiani. Na mazingira yetu yana madai yake. Kutoka Moshi mjini hadi lango la Machame, lililo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, unapanda zaidi ya mita 800, halafu unazishuka zote vidole vikiwa kwenye breki. Upande wa Kisongo na Monduli kuna miiba ya migunga. Kiangazi vumbi la udongo wa volkano linasaga cheni. Masika, Machi hadi Mei, udongo huohuo unajaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Ingiza kidole kati ya tairi la nyuma na fremu, pale karibu na krenki, mikono inayoshika pedali. Kidole kisipopita, hiyo ni baiskeli ya kiangazi tu.

Namba moja: mtumba wa alumini, shokapu ya mbele tu, saizi 29

Hii ndiyo ningemnunulia mdogo wangu. Fremu nzuri ya alumini, hata ikiwa na miaka minane, kwa kawaida inaishinda baiskeli mpya ya bei hiyohiyo kwa uzito, kwa beringi na kwa breki. Gurudumu la saizi 29, yaani inchi, linapita juu ya mawe na mizizi bila kukung'ang'aniza, na rimu yake ina kipenyo cha milimita 622, sawa na ile ya 700 ya baiskeli za barabarani, hivyo tairi nene la 700 linaweza kukuokoa siku ya shida. Usichanganye na 28 ya Phoenix ya kubebea mizigo. Rimu ile mara nyingi ni milimita 635, na tairi lake halikai hapa hata ulibembeleze.

Tafuta yenye gia 9 au 10 nyuma na shokapu ya upepo kuliko ya springi. Ya upepo unairekebisha kwa uzito wako kwa pampu yake ndogo. Ya springi imetengenezwa kwa uzito wa mtu usiyemjua.

Ukaguzi ndio ununuzi wenyewe. Nenda mchana, uwe na kitambaa chenye maji, rula na fundi unayemwamini. Utaambiwa, "Bosi, hii ni mzigo wa Japani, haijatembea." Msalimie vizuri, mwambie asante kaka, halafu kagua kana kwamba hujasikia.

Futa vumbi pale bomba la chini la fremu linapokutana na shingo ya usukani, kwa upande wa chini ambako jicho halifiki. Pitisha kucha taratibu kando ya mshono wa kulehemu. Rangi iliyochubuka haina neno, lakini kucha ikinasa kwenye mstari mwembamba unaofuata mshono, au rangi imekunjamana hapo, huo ni ufa au fremu imegonga kitu. Rudisha baiskeli kwa adabu, uondoke. Alumini iliyopata ufa hailehemiwi mtaani ikarudi kuwa salama.

Kucha hiyohiyo ipitishe kwenye nguzo mbili zinazong'aa za shokapu. Mkwaruzo unaonasa kucha utachana sili, ile mipira inayozuia mafuta, nayo yatatoka na vumbi litaingia. Bana breki ya mbele, ikandamize mbele kwa uzito wako wote: ishuke laini na irudi bila kugonga. Kumbuka pia kwamba shokapu inataka huduma. RockShox, watengenezaji wa shokapu, kwa mfano, wanasema ifunguliwe chini na kusafishwa kila saa 50 za kuendesha, na kwa anayejiandaa kwa mbio ndefu saa 50 ni wiki chache tu.

Kisha cheni. Weka rula usawa wa pini moja na uhesabu pini 24 mbele. Cheni nzima inatoa inchi 12 kamili. Ikifika inchi 12 na moja ya nane, imekwisha kabisa, na yaelekea imeshakula meno ya kaseti, ile seti ya gia za nyuma. Hapo unanunua vitu viwili, kwa hiyo bei ishuke kwa gharama ya vyote viwili.

Breki nazo, kama ni za mafuta: bana mkono wa breki, ushikilie huku unahesabu polepole hadi ishirini. Mkono ukizama kuelekea usukani, kuna upepo ndani au mafuta yanavuja. Na hapa pana jambo linaloharibu breki nyingi. Breki za Shimano zinatumia mafuta ya madini. Za SRAM nyingi zinatumia DOT, jamii ileile ya mafuta ya breki ya gari unayoyapata kwenye duka lolote la spea. Fundi asiyejua akiweka DOT 4 ya gari kwenye Shimano, sili zinavimba na breki imekufa. Soma maandishi kwenye mkono wa breki au kwenye kifuniko chake, na mkumbushe fundi hata kama ni mzee wako kwa umri. Mwambie kwa heshima, lakini mwambie.

Mwisho igeuze juu chini utafute namba iliyogongwa chini ya fremu, karibu na krenki. Iandikwe kwenye risiti pamoja na jina la muuzaji. Ikiwa imesagwa kwa tupa, usiulize sababu, ondoka.

Namba mbili: 26 ya zamani yenye gia tatu mbele

Wengi wanaipita hii wakidhani imepitwa na wakati. Mimi naiweka juu ya baiskeli mpya, na sababu ni hesabu. Kinachokupandisha Sekei au Kibosho ni uwiano wa meno ya mbele na ya nyuma. Baiskeli ya kisasa yenye meno 32 mbele na kaseti inayofika 51 inakupa 0.63 kwenye gia nyepesi kabisa. Ya zamani yenye meno 22 mbele na 34 nyuma inakupa 0.65, na kwa kuwa gurudumu la 26 ni dogo, tofauti hiyo inafutika kwenye mteremko wa kupanda. Umepata mlima uleule kwa sehemu ndogo ya hela.

Na vipuri vya 26 ndivyo rahisi kuliko vyote kuvipata: tyubu, tairi, spoku, waya za breki. Fundi yeyote wa mtaani anaijua kwa macho yaliyofumbwa. Ukiipata ya chuma isiyo na shokapu, usiogope. Mikono itachoka Ngaramtoni kwenye mawe, ni kweli, lakini itakufundisha kuchagua njia na kulegeza viwiko, na hakuna sili ya kupasuka. Weka matairi mapana kadiri fremu inavyoruhusu na upunguze upepo kidogo.

Udhaifu wake uko kwenye breki za mpira zinazobana rimu. Kwenye tope la masika vipande vya mpira vinaliwa na mchanga upesi sana, na ukishuka kutoka Marangu na mvua utasikia sauti ya kusaga. Beba vipande vya akiba kila siku. Ukipata 26 yenye breki za diski za waya, chukua hiyo.

Namba tatu: mpya kutoka kampuni inayojulikana

Giant, Trek, Merida, Scott na wenzao wanatengeneza baiskeli nzuri, na kama mfuko unaruhusu, hutajuta siku unayoitoa dukani. Shaka yangu ni kwa siku za baadaye. Baiskeli mpya nyingi zina gia 12 nyuma na eksel, vyuma vya katikati ya magurudumu, pana za mtindo mpya. Kikivunjika kishikio cha gia ya nyuma, kile kipande kidogo cha alumini kinachopinda ukianguka, unasubiri kiagizwe. Kila modeli ina chake. Ukinunua mpya, lipia vishikio viwili vya akiba hapohapo, siku hiyohiyo, kabla hujatoka mlangoni. Na timu ikikubaliana kununua modeli moja wote wanne, naipandisha mpaka namba moja bila kusita, kwa sababu hapo sanduku moja la vipuri linawahudumia wote.

Namba nne: baiskeli ya changarawe

Ya usukani uliokunjwa na matairi ya wastani. Kwa anayeishi Moshi na kufanya mazoezi kwenye barabara za mashamba ya miwa ya TPC, tambarare ile ndefu, inafaa sana kujenga pumzi. Lakini haikufundishi kushuka kwenye mizizi na mawe, na mbio za milimani wengi hupoteza muda kwenye kushuka. Iwe ya pili.

Namba tano: shokapu mbele na nyuma, ya kweli

Siku ya mashindano ni neema, hasa siku ya sita ya mbio za siku nane, mgongo ukiwa umeshachoka. Kwa mazoezi ya vumbi letu ni gharama. Kila kiungo cha nyuma kina beringi, na shokapu ya nyuma inataka sili na vifaa maalumu vya kuifungulia. Kama unayo, itunze kwa mbio na upige mazoezi kwa namba mbili.

Usinunue: shokapu mbili za urembo

Zile zinazong'aa, fremu nene ya chuma, springi kubwa ya rangi katikati, bei ya kuvutia. Ile springi inameza nguvu ya mguu kila unapokanyaga kupanda, na viungo vyake ni bushi za plastiki zinazolegea mapema. Nimeona vijana wenye miguu ya dhahabu wakiamini wao ndio dhaifu, kumbe wanapanda na kilo nyingi zisizo na kazi. Inaniuma kila nikiiona. Kwa hela hiyohiyo nenda kwenye namba mbili.

Nani apande ipi

Kwenye timu ya wawili, baiskeli nyepesi na nzuri zaidi apewe anayechelewa. Najua yule mwenye nguvu ndiye kwa kawaida mwenye hela na ndiye mwenye baiskeli bora, na mazungumzo haya si mepesi. Lakini kasi ya wawili ni kasi ya aliye nyuma. Mwenye nguvu akipanda na baiskeli nzito zaidi anapata mazoezi yake, mwenzake anapata nafuu, na wote wanafika kileleni pamoja bila mmoja kupoa akisubiri.

Kabla ya kununua chochote, kaeni mkubaliane mambo matatu: saizi ya gurudumu, idadi ya gia nyuma, na aina ya mafuta ya breki. Kwa upande wa Kisongo na Monduli wekeni matairi ya tyublesi, yaani yasiyo na tyubu, yenye dawa ya kuziba pancha ndani, na muikague dawa kila baada ya miezi miwili mitatu maana joto linaikausha. Tyubu ya akiba ibaki mkobani hata hivyo.

Kwa mbio za saa 24 nunueni taa mapema na mzizoee. Huku kwetu giza linadumu karibu saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo nusu ya mbio kama hizo zikifanyika hapa ni usiku. Taa moja kwenye usukani, nyingine kwenye kofia ngumu ya kukinga kichwa ili imulike unakotazama kwenye kona.

Kofia hiyo iwe mpya. Vyote vingine nimekuruhusu mtumba, lakini kofia iliyowahi kugonga chini inaweza kuwa imepasuka ndani bila kuonekana nje, na hakuna kucha itakayokuambia.