Uzoefu wangu na seti ya kasuku wa karatasi: karatasi safi, gundi ovyo

Nianze na karatasi, maana kwenye seti kama hii, ya kukata na kubandika kasuku mwenyewe, ndiyo hasa unayoilipia. Ya manyoya ina uzito wa gramu 120 kwa mita ya mraba, ya mwili gramu 200. Zile za kawaida za printa ni gramu 80, ukiziviringisha zinalegea baada ya muda. Hii ya 120 ukiivuta taratibu juu ya ubapa wa mkasi inajikunja na kubaki hivyo hivyo, na unyoya uliojikunja vizuri ndio unaompa ndege uhai.

Hapo kwenye rangi watengenezaji nawavulia kofia. Rangi imeingia hadi ndani ya karatasi. Seti nyingi za bei rahisi zimechapwa rangi juu tu, katikati ni nyeupe, na kwenye picha ya tangazo huwezi kujua. Utajua ukianza kuchanja kingo za manyoya: kila mkato unaacha mstari mweupe, nyekundu inapauka, bluu inapauka, na hakuna namna ya kuficha. Kabla hujakata chochote, chana kipembe cha karatasi ya ziada utazame katikati yake.

Sasa malalamiko. Aliyepanga michoro ya mkia alitaka kubana karatasi, akayalaza manyoya marefu kukatiza mkondo wa nyuzi. Karatasi ya kiwandani nyuzi zake nyingi huelekea upande mmoja. Ukikunja kufuata nyuzi, mstari unanyooka. Ukikunja kuzikatiza, hasa karatasi ikiwa nene, mkunjo unapasukapasuka. Na unyoya wa mkia lazima ukunjwe katikati ili uti wake uonekane! Mimi niliihamishia michoro hiyo kwenye karatasi za akiba, nikaigeuza. Kujua mkondo ni rahisi: pinda karatasi bila kuikunja, kwanza upande huu halafu ule. Inakokubali bila ubishi, mkunjo wako unakwenda sambamba na nyuzi.

Gundi yao itupe. Ni nyepesi mno, ina maji mengi, na maji yakiingia kwenye nyuzi zinavimba, karatasi inafanya mawimbi. Tafuta gundi nyeupe nzito, chovya ncha ya kijiti cha meno, gusa shina la unyoya tu. Ncha iachwe huru, la sivyo utapata ndege aliyelowana mvua.

Kisu kinafaa, ila hakina wembe wa akiba. Ncha ikishaisha makali haikati tena, inavuta, na kingo zinatoka na vinyweleo. Vile vipande vidogo vya sponji vyenye gundi pande mbili ni vizuri sana. Unavibandika chini ya mstari mmoja wa manyoya, unauruka unaofuata, basi kila tabaka linaangusha kivuli chake juu ya lingine. Mpangilio unaanza mkiani kwenda kichwani, ili kila mstari ufunike mashina ya uliotangulia, na maelekezo hapo yako wazi.

Usoni ndipo maelekezo yanapokutelekeza. Jicho limepewa mchoro mmoja mdogo: duara jeusi, basi. Mimi niliongeza duara la njano chini yake na kitone cheupe pembeni juu, si katikati. Kitone kikikaa katikati kasuku anakuwa kama kashtuka.

Kwa anayeanza naipa nyota nne kati ya tano, mradi anunue gundi yake mwenyewe. Watoto wadogo hapana, kisu ni kikali. Ukimaliza, mweke mbali na jua la dirishani, rangi zitapauka, na vumbi mpanguse kwa brashi laini ya rangi ukifuata ulalo wa manyoya.