Kozi ya Kiingereza ya jioni, Kijenge: mwalimu yuko vizuri, mapokezi bado sana

Nimemaliza wiki sita za Kiingereza cha jioni mitaa ya Kijenge hapa Arusha, jina la chuo naliacha maana kuna sehemu nitawasema. Mimi nabeba watalii, Tarangire, Manyara, Ngorongoro, Kiingereza cha kuonyesha tembo ninacho siku nyingi, shida ni siku mambo yakiharibika. Mwaka jana tumepata pancha mbili kabla hata ya kufika Mto wa Mbu na mie kazi yangu ikawa sori sori sori kama kasuku, mama mmoja akaniangalia tu.

Sasa huyu mwalimu hakuanza na majedwali, alianza na pole. Sisi mtu akijikwaa tunampa pole hata kama hatukuwepo, ukimpa mzungu "sorry" hapo anakujibu sio kosa lako, bora umuulize "are you alright?", na akikupa habari ya msiba ndio "I'm sorry to hear that". Ukitaka kupita katikati ya watu ni "excuse me". Na ukiwa na kosa kweli usiishie kwenye sori, sema kilichotokea na umefanya nini: "I'm so sorry, the car has broken down. I've called the office." Hapo ndo nikaelewa kumbe hiyo have na has inaingia kwenye kuomba radhi kwa sababu gari bado limeharibika, wageni bado wamekaa juani, jambo halijaisha.

Ila -me- yetu ina mitego jamani. Kiswahili nikisema mwaka jana tumepata pancha hakuna anayeshtuka, Kiingereza ukishataja jana au mwaka jana have inatoka, ni "we had". Halafu kuna ile ya simba, mimi miaka yote nimewaambia wageni "the lion has slept", kumbe wanaelewa kashalala kaamka, na simba yuko pale chini ya mgunga anakoroma! Amelala, amekaa, amevaa, amechoka, zote hizo Kiingereza kinataka is: is sleeping, is sitting, is wearing, is tired. Darasa zima tulicheka maana kila mtu alikuwa na simba wake. Hajaja na hajala hazina shida, "hasn't come yet", zinakaa sawa na zetu. Since ni ya mwanzo, since 2016, for ni ya muda, basi.

Mabaya sasa. Noti ni fotokopi ya fotokopi, nusu ya karatasi ni kivuli, na kiyoyozi wanachokitangaza mimi sijakiona. Kubwa ni mapokezi, wiki ya nne tumefika saa kumi na mbili jioni, wengine wametoka Usa River kwa daladala mbili, tumekaa mpaka saa moja, dada hata simu hajaishusha anatuambia mwalimu hajaja. Hata samahani hakuna, chuo kinachouza samahani! Kaka mmoja wa nyuma akasimama taratibu akamwambia, "Madam, we have been waiting for one hour." Tukampigia makofi, sentensi ilikuwa haina kosa hata moja.

Mwalimu nampa tano, mapokezi moja. Mkienda bebeni noti zenu.